Fizikia ya PCB na ya PCM ni ileile
Umeuliza kama mdogo wako akichukua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kidato cha tano atapewa Fizikia nyepesi kuliko wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Hapana, hapewi. Mtihani wa Fizikia wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa kidato cha sita ni mmoja, namba 131: karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, na wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) naye anafanya huohuo. Nasema hivi kwa sababu nafundisha somo hili, na darasani huwa nawakalisha wote pamoja.

Tofauti iko kwenye hesabu. PCM wanasoma Advanced Mathematics, PCB wanasoma BAM (Basic Applied Mathematics, yaani hisabati ya msingi). Kwa hiyo ukifika kwenye mnyambuo (derivation) wa sheria ya kuoza kwa mionzi, ambapo lazima ufanye intigresheni ya dN/N upate N = N₀e^(−λt), yaani idadi ya atomi zilizobaki baada ya muda t, wa PCB anaweza kukwama kama hajafika mada hiyo kwenye BAM. Mwambie mdogo wako aanze tofautisho (differentiation) na intigresheni mapema, likizo hii hii, asisubiri mwalimu afike huko.

Ila kama anataka uhandisi, achague PCM tangu sasa. Kozi nyingi za uhandisi zinadai Advanced Mathematics, na BAM haichukui nafasi yake.