Maswali na majibu: Utatu umo katika Maandiko?

Neno "Utatu", yaani Mungu mmoja aliye Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, halimo katika Biblia. Kwa nini mnalifundisha?

Tena? "Umwilisho", yaani Mwana wa Mungu kuwa mtu, nao haumo, wala hakuna anayeniandikia kuuulizia. Tafuteni fundisho.

Kwa nini Biblia yangu mpya imeondoa sehemu ya 1 Yohana 5:7 inayothibitisha Utatu?

Haikuondolewa, zamani iliongezwa. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, Baba, Neno na Roho, hayamo katika hati za kale za Kigiriki. Erasmus, mtaalamu aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa. Wahubiri, nawaombeni, acheni kuutetea Utatu kwa mstari huu. Siku waumini watakapogundua, watadhani na mingine yote imebandikwa.

Si Konstantino, kaisari wa Roma, aliyeubuni Utatu kule Nikea mwaka 325?

Hapana. Aliitisha mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, kweli, kwa kuwa alitaka amani katika dola yake. Ila ugomvi aliukuta: Ario, kasisi wa Aleksandria, alikuwa akifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Na kama Utatu ungekuwa amri ya ikulu, ungezikwa na Konstansio, mwanawe Konstantino, aliyewapa nguvu wapinzani wa uamuzi wa Nikea kwamba Mwana hakuumbwa, na kumfukuza Athanasi, askofu wa Aleksandria aliyeutetea.

Wanaopenda hadithi ya Konstantino huwa hawajamsoma Paulo polepole. Weka Wafilipi 2:9-11 kando ya Isaya 45:22-23. Katika Isaya, Mungu anasema hapana mwingine ila yeye, kisha anaapa kwa nafsi yake kwamba kila goti litapigwa mbele zake. Paulo, Myahudi aliyekulia katika imani ya Mungu mmoja ya Kumbukumbu la Torati 6:4, anayachukua maneno hayo na kumpa Yesu, tena kwa utukufu wa Mungu Baba. Hajitetei, kana kwamba Wafilipi hawatashtuka. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 250 kabla ya Nikea. Maaskofu walichofanya ni kutafuta maneno ya kulinda ibada waliyoikuta.

Yesu alisema "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28). Mjadala si umekwisha?

Haujaisha, maana Injili hiyo hiyo ina Tomaso akimwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu!" (20:28), na Yesu hamkemei. Mwana ametoka kwa Baba, akauvaa mwili na kujinyenyekeza. Anayesema hivyo anasema kweli. Ninachokataa ni kudonoa mistari. Nanyi mnaohubiri Tomaso kila Pasaka na kuiruka sura ya 14, mnadonoa vilevile.

Nawafundisha watoto kwamba Mungu ni kama maji, barafu na mvuke. Ni sawa?

Acha kabisa. Huo ni uzushi wa Sabelio, wa karne ya 3: mmoja anayebadili sura. Katika Mathayo 3:16-17 Mwana anatoka majini, Roho anashuka, na sauti ya Baba inasikika, vyote kwa pamoja. Nani hapo aligeuka nani?

Roho Mtakatifu si nguvu ya Mungu tu?

Nguvu haihuzunishwi (Waefeso 4:30), na Petro anamwambia Anania kwamba kumwambia Roho uongo ni kumwambia Mungu uongo (Matendo 5:3-4). Hata hivyo, hapa Maandiko yanasema machache kuliko yanavyosema juu ya Mwana. Nikea ilimtaja Roho kwa maneno mafupi mno. Askofu Basili wa Kaisaria aliandika kitabu kizima kumtetea, akakwepa kumwita Mungu waziwazi. Ni katika mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, ndiko kulikotoka tamko kwamba Roho huabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Anayewaambia kwamba kanuni yote ya imani imeandikwa hivyo hivyo katika Agano Jipya hajalifungua. Msingi umo humo. Kuta zilijengwa baadaye, na waliozijenga walibishana sana.

"Na tumfanye mtu" (Mwanzo 1:26) si Utatu huo?

Mstari hausemi ni wangapi. Usijenge juu yake.