Mashine ya fako ya bure itaigharimu hospitali kiasi gani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Mfadhili amejitolea kutupa mashine ya fako ya kutibu mtoto wa jicho. Daktari wetu wa macho, ambaye sasa anatumia njia ya mkato mdogo bila mashine, anaitaka sana. Mhasibu anasema cha bure hakina hesabu, tupokee. Mimi nasita, ila sina hoja ya kitaalamu. Ukiangalia fedha za umma, njia ipi ni nafuu, na kwa kiasi gani? – Mjumbe, Kanda ya Ziwa

JIBU: Ndugu mjumbe, usiache kusita. Mhasibu wenu anaangalia bei ya kununulia, ambayo kweli ni sifuri. Lakini mashine ya fako ni kama printa ya ofisini: kinachokula bajeti ni wino.

Kwanza tuelewane kuhusu njia zenyewe. Zote zinatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya plastiki ndani ya mfuko uleule ulioishika lenzi. Zinatofautiana katika mlango wa kuingilia. Njia ya zamani hufungua jicho kwa mkato wa milimita 10 hadi 12, kisha daktari anashona kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, na mgonjwa hurudi baadaye kutolewa nyuzi. Fako, iliyoanzishwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967, hutumia sindano inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Sindano hiyo inaisaga lenzi na kuifyonza kupitia mkato usiofika milimita 3, halafu lenzi ya kukunja inaingizwa na kukunjuka humo ndani. Mkato mdogo bila mashine uko katikati: milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho, uliochimbwa kimshazari kama handaki. Lenzi inatoka nzima, na handaki linajiziba lenyewe kwa shinikizo la jicho, mara nyingi bila mshono hata mmoja.

Sasa bei. Takwimu ninazoziamini zaidi zimetoka India, kwa kuwa wao wamekaa wakahesabu kila kisu na kila dakika ya muuguzi. Hospitali ya Aravind, Madurai, ilichapisha hesabu zake mwaka 2004: njia ya zamani dola 16.97 kwa jicho, mkato mdogo 17.03, fako 25.55. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Pune, mji mwingine wa India, wakachapisha zao: mkato mdogo 15.34, fako 42.10. Dola hizo ni za zamani, kwa hiyo usizipeleke kwenye kikao kama bei ya leo. Chukua uwiano wake.

Tazama uwiano wenyewe. Madurai fako inazidi mkato mdogo kwa mara moja na nusu, Pune kwa karibu mara tatu. Hesabu hazikupigwa kwa kanuni zilezile, hilo ni kweli, lakini kuna sababu nyingine nzito: Aravind ni kiwanda. Daktari mmoja ana meza mbili. Akimaliza jicho hili anageuza hadubini upande wa pili, ambako mgonjwa ameshapigwa ganzi, ameshasafishwa na kufunikwa. Wana hata kiwanda chao cha lenzi, Aurolab, kilichoanza mwaka 1992 na kuishusha bei ya lenzi ya plastiki hadi chini ya dola 10, wakati ya kuagiza nje ilikuwa inagharimu mara nyingi ya hapo. Mashine inayofanya kazi kutwa nzima inagawa gharama zake kwa maelfu ya macho. Yenu itazigawa kwa mangapi?

Hapo ndipo hesabu ya bodi ianzie. Tuseme, kwa mfano tu, mkataba wa matengenezo pamoja na vipuri ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Mkifanya macho 300, kila jicho linabeba shilingi 40,000 za mashine kabla hamjafungua pakiti ya kwanza. Mkifanya 1,500, ni shilingi 8,000. Gharama hiyo inalipwa hata mwezi ambao daktari yuko semina na thieta imefungwa.

Halafu vitumike, yaani vifaa vinavyotumika na kuisha. Kwa fako kuna kaseti na mirija yake, ncha ya sindano, kifuko cha silikoni kinachoivaa ncha, maji maalumu ya kupitisha ndani ya jicho (mengi, sababu mashine inafyonza muda wote), jeli ya kulinda konea (kioo cha mbele cha jicho), na lenzi ya kukunja ambayo ni ghali kuliko ile ngumu. Mashine nyingi hazikubali kaseti ya kampuni nyingine. Ukishapokea mashine, umeshamchagua msambazaji kwa miaka yote ya uhai wake, bila zabuni. Kwa mkato mdogo kuna visu viwili vitatu, kimojawapo chenye umbo la mwezi mwandamo, jeli, maji kidogo, na lenzi ngumu. Umeme ukikatika unahitaji taa ya hadubini tu, na hiyo inaweza kukaa kwenye betri.

Lakini je, unafuu huo unalipwa na macho ya wagonjwa? Katika jaribio la Pune lenye macho 400, baada ya wiki sita asilimia 81 ya waliofanyiwa fako walifikia kiwango cha 6/18 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita 18) au zaidi bila miwani, na asilimia 71 ya wale wa mkato mdogo. Walipopewa miwani, pande zote mbili zilifika asilimia 98.4. Kwa hiyo fako inampunguzia mgonjwa utegemezi wa miwani. Ni faida ya kweli, hasa kwa dereva au fundi cherehani, na bei ya miwani lazima iingie kwenye hesabu ya mkato mdogo. Ila jaribio la Nepal lililochapishwa mwaka 2007, ambalo lilichukua wagonjwa wenye mtoto wa jicho aliyekomaa, lilikuta hata pengo hilo halipo: baada ya miezi sita, waliofikia kiwango hicho bila miwani walikuwa asilimia 89 kwa 85, mkato mdogo ukiwa mbele kidogo. Muda wa kila upasuaji ulikuwa kama dakika 9, dhidi ya 15 na nusu za fako.

Wagonjwa wenu wanafanana na wa Nepal kuliko wa London. Uingereza karibu kila mtu anafanyiwa fako, na ni sawa kabisa, maana wanakuja mapema lenzi ikiwa laini na mashine inapangiwa orodha ndefu. Huku kwetu bibi analetwa akiwa ameshikwa mkono, lenzi nyeupe pe au ya kahawia ngumu. Kuisaga hiyo kunahitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo inachoma seli za konea ambazo hazioti tena. Daktari anayejifunza fako kwa macho ya namna hii anajifunza mahali pagumu, na akikwama ni lazima apanue mkato na kumalizia kwa mkono. Kwa hiyo ustadi alio nao sasa hawezi kuuacha.

Njia ya zamani ya kushona siioni sababu ya kuirudia kama utaratibu wa kila siku. Bei ni ileile, uzi unalivuta jicho na kulipinda, na safari ya kutoa nyuzi analipa mgonjwa pamoja na anayemsindikiza.

Ningekuwa kwenye bodi hiyo, ningemwandikia mfadhili barua ya shukrani yenye maswali: nani analipa matengenezo kuanzia mwaka wa pili, kaseti zinatoka wapi na kwa bei gani, fundi wake yuko mji gani, nani anamfundisha daktari na kwa macho mangapi. Ningemwuliza pia kama yuko tayari kutoa vifaa vya kupimia nguvu ya lenzi, yaani skani ya urefu wa jicho na kipimo cha mpindo wa konea, iwapo hamna. Wagonjwa wengi wanaohitaji miwani mizito baada ya upasuaji wamewekewa lenzi isiyo ya jicho lao, na hilo fako haiwezi kulirekebisha.

Daktari wenu msimvunje moyo. Mkifika mahali ambapo orodha ya wiki inajaa bila kusukumwa, na sehemu nzuri ya wagonjwa wanakuja lenzi ingali laini, fako itakuwa na kazi ya kufanya pembeni ya mkato mdogo. Mwombe mhasibu alete daftari la thieta la mwaka uliopita: macho mangapi yalifanyiwa upasuaji, mangapi yaliahirishwa, na kwa sababu gani. Kama mengi yaliahirishwa kwa kukosa lenzi au jeli, mashine itaongeza kitu kingine cha kukosekana.