Tiara ya mawimbi hupimwa kamba zinapolegea

Wengi wanaotafuta tiara ya kuteleza baharini, ile inayomvuta kwa kamba mtu aliyesimama juu ya ubao, huijaribu kwenye maji tulivu, wakairidhia, kisha wakiipeleka kwenye mawimbi wanaona kama wamepewa chombo kingine kabisa. Tiara ni ileile, ila kamba hazivutwi tena kwa namna ileile. Kwenye maji tulivu hukaza tangu unapoondoka hadi unaporudi. Kwenye mawimbi hulegea kila unapoteremka na wimbi. Mimi hupenda sehemu zote mbili, na kwa anayechagua tiara nina neno moja: kabla ya kuuliza inavuta kiasi gani, uliza inafanya nini wakati hakuna kinachoishikilia.

Kwenye maji tulivu kazi inaeleweka upesi. Unakandamiza ukingo wa ubao majini, tiara inavuta upande wake, nawe unakatiza upepo au unabisha, yaani unakwenda mshazari kinyume cha upepo, kidogo kidogo kurudi ulikotoka. Mwendo wako wenyewe unaongeza upepo unaoifikia tiara, kwa hiyo nguvu ipo na haikatiki. Hapo tiara ndefu na nyembamba yenye mbavu tano (mirija ya hewa inayoikata kutoka mbele hadi nyuma) inastarehe. Inasogea mbele hadi ukingoni mwa eneo la upepo inamoweza kuruka, inabisha vizuri, na ukiirusha juu ya kichwa inakunyanyua kisha kukushusha taratibu. Uzito wa zile mbavu za ziada hausumbui, na ndizo zinazoishikilia isipoteze umbo upepo ukija kwa mikupuo. Kugeuka inageuka polepole, lakini kwenye maji tulivu una nafasi ya kungoja.

Sasa ingia nayo kwenye mawimbi. Unadaka wimbi, unageuza ubao uteremke, na mara unaelekea kulekule tiara iliko. Mwendo uliokuwa ukiongeza upepo sasa unaupunguza. Upepo ukiwa noti 18 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), nawe ukateremka kwa noti 10 kuelekea unakokwenda upepo, tiara inayosafiri sambamba nawe inabakiwa na noti 8 tu. Na mvuto wa tiara hufuata mraba wa kasi ya upepo, kwa hiyo hubakiwi na karibu nusu ya nguvu kama hesabu ya haraka inavyoonyesha, bali kama sehemu moja kwa tano. Tiara ndefu iliyozoea kukimbilia mbele huendelea kukimbia, hupita kiasi, kamba hulegea zote, nayo huanguka ikitanguliza mrija wa mbele, ule wa hewa ulio kwenye ukingo wake wa mbele. Ikiangukia kwenye povu, wimbi linalofuata halitakusubiri uiinue.

Tiara nzuri ya mawimbi huwa fupi kidogo na pana, mara nyingi ina mbavu tatu, na ni nyepesi. Kamba zikilegea, inarudi nyuma pamoja na upepo huku mrija wake wa mbele ukiendelea kuukabili upepo, kama mbwa aliyefunzwa kutembea ubavuni mwa bwana wake bila kuvutwa. Ukikata kona chini ya wimbi na kamba zikakaza tena, unaikuta palepale ulipoitaka. Sifa hii naiweka juu ya nyingine zote. Ya pili ni kugeuka: tiara izunguke karibu na ncha yake yenyewe, upesi, bila kukuvuta ukatoka kwenye wimbi.

Ya tatu ni kuzima nguvu. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya tiara ya mirija ya hewa mwaka 1984, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba ikianguka majini inaelea na inaweza kuinuliwa tena. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, Bruno alileta umbo la upinde, lenye ukingo wa nyuma uliobonyea ndani na vikamba vinavyoutegemeza mrija wa mbele. Kwa umbo hilo, ukisukuma mpini, ile fimbo unayoishika kuiongoza tiara, mbali nawe karibu nguvu yote inakwisha. Kwenye maji tulivu hiyo ni raha tu. Kwenye mawimbi ndiyo inayokuwezesha kuliacha wimbi likubebe, tiara ikikaa kimya juu.

Kuhusu ukubwa, mawimbi yenyewe yanakusukuma, kwa hiyo hupunguza saizi moja. Kwa mtu wa kilo 75 na upepo wa noti 20, kwenye maji tulivu ningechukua mita za mraba 9. Kwenye mawimbi 8, au hata 7. Lakini usipunguze hadi ushindwe kutoka. Anayekosa nguvu za kupita mawimbi yanapovunjikia yuko hatarini kuliko aliyezidiwa kidogo na tiara yake.

Kama unaweza kuwa na tiara moja tu, na unaingia kwenye mawimbi hata mara chache, chukua ya mbavu tatu. Kwenye maji tulivu utapoteza urefu kidogo wa kuruka na kubisha kwako kutapungua. Ile ya maji tulivu ikikuangusha kwenye mawimbi, unaweza kurudi na tiara iliyochanika.

Unaweza kuipima bila wimbi lolote. Chukua kasi kwenye maji tulivu, kisha geuza ubao ghafla uelekee tiara na usukume mpini mbali. Ikianguka mbele au ikikunjamana, umeshapata jibu. Kabla ya kuilaumu, ijaze hewa vizuri kufuata kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa sababu mrija laini hupinda na kuharibu kila kitu. Na ukivuta mpini wote kisha tiara ikarudi nyuma na kuzama, kamba za nyuma ni fupi mno. Zirefushe fundo moja.

Ikianguka mbele ya wimbi, jaribu kuiinua mara moja kama wimbi bado liko mbali. Kama limeshafika, usizikaze kamba. Ogelea kuelekea tiara ili zilegee, kwa sababu inayochanika zaidi ni ile inayovutwa na mtu upande mmoja huku maji yakiivuta upande wa pili. Tazama kamba zilipo miguuni na shingoni mwako wakati wote, na zikianza kukuzunguka, fungua kifyatulio cha usalama papo hapo.