Maswali Yenu: Kisu Kikubwa cha Kukunja, Kazini na Njiani

SWALI: Shikamoo anko. Nafanya kazi godauni hapa Tanga mjini, kushusha mizigo na kufungasha, kutwa nakata kamba, viroba na makatoni na nyembe nimeifunga kitambaa, inanikata mwenyewe kila siku. Usiku narudi Pongwe, daladala inanishusha barabarani alafu natembea kipande chenye giza, na siku hizi vibaka wanapora simu sana. Nimeona mtandaoni kisu cha kukunja kikubwa cheusi, bapa inchi tano na nusu, kina klipu ya kuchomeka mfukoni, wanasema ni cha kijeshi. Nawaza nichukue hicho kimoja kinisaidie kote, kazini na njiani. Nina elfu themanini. Nichukue hicho au kuna kingine? Na chuma gani kizuri?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Marahaba mjomba. Kisu nunua, tena hiyo nyembe ya kitambaa iache kesho asubuhi kabla haijakutoa kidole. Ila hicho cha inchi tano na nusu achana nacho, kazini kitakusumbua na njiani hakitakuokoa.

Tuanze na kazi kwa sababu ndiyo itakayokitumia kisu kila siku. Inchi tano na nusu ni sentimita 14, hicho mjomba ni kisu cha jikoni kilichokunjwa. Mpini wake lazima uwe mrefu kuliko bapa ndo liweze kuingia ndani, kwahiyo mfukoni una kitu kirefu kuliko kiganja chako, ukiinama kunyanyua kiroba kinakuchoma kiunoni. Kukata katoni unahitaji inchi mbili za mbele tu, ukiingiza bapa refu unachana mpaka mzigo uliomo ndani alafu bosi anakukata mshahara. Angalia visu vilivyodumu sokoni miaka na miaka uone vipimo vyake, ile Buck 110 ya Marekani ambayo ipo tangu 1964 bapa lake halifiki hata sentimita 10, Opinel namba 8 ya Ufaransa ni sentimita 8 na nusu, na watu wanachunia wanyama, wanakata kamba, wanakula navyo. Wewe tafuta inchi tatu mpaka tatu na nusu, basi. Kama kamba zenu nyingi ni za mkonge au zile za plastiki nene unaweza kuchukua chenye meno nusu upande wa mpini, meno yanauma kamba vizuri kuliko makali laini, shida yake kuyanoa ni kazi, fundi wengi wanayafuta kabisa. Mimi ningechukua makali laini nikajifunza kunoa.

Sasa loki, hapa ndo nataka usome polepole, maana vidole ni vyako. Kisu kisicho na loki kinashikiliwa na springi tu, ukisukuma vibaya kinajifunga juu ya vidole vyako. Kwa kazi yako chukua chenye loki. Zipo za aina nyingi lakini utakazokutana nazo madukani ni hizi: kuna ya ulimi wa bati ndani ya mpini unaosogea pembeni na kukaa nyuma ya kitako cha bapa, kuna ya kubonyeza mgongoni kama ya hiyo Buck, na kuna ya pete ya kuzungusha ya Opinel ambayo waliiweka 1955. Ya mgongoni ndo naipenda kwa mtu wa mizigo, haina mambo mengi. Ya ulimi ni nzuri ikitengenezwa vizuri, ikitengenezwa hovyo ni mtego.

Ukifika dukani usiangalie rangi. Kikunjue mpaka usikie mlio, ushike mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa kidole gumba na cha shahada, litikise kushoto kulia, juu chini. Likicheza rudisha. Kama ni cha ulimi chungulia ndani uone ulimi umekaa wapi kwenye kitako cha bapa: ukiwa umegusa ukingoni tu kidogo utateleza, ukiwa umeshavuka mpaka upande wa pili basi ni kipya lakini kimeshazeeka. Alafu kandamiza mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao laini wa kaunta, vidole ukiwa umevitoa njiani, kama loki inaachia hapo dukani, huko godauni itaachia na damu juu. Muuzaji akikukataza kujaribu, jibu umeshapata, toka.

Chuma. Tanga hapa bahari inatupumulia usoni, chumvi ipo hewani hata kama hujawahi kupanda ngalawa, kwahiyo chuma cha kaboni tupu kitakupa kutu ndani ya wiki ukikisahau na jasho. Chukua kisichoshika kutu. Vile vikubwa vya bei chee vimeandikwa 440, jina la aina ya chuma, peke yake bila herufi, hapo hujaambiwa kitu, maana zipo A, B na C, na C ndo yenye kaboni nyingi karibu asilimia moja, inashika makali, A ni laini zaidi. Mtu mwenye C kweli haachi kuiandika hiyo C. Ukiona 8Cr13MoV ni ya China na kwa hela yako ni chuma cha heshima kabisa, kinanoleka kirahisi. 12C27 ya Sweden ndo Opinel wanatumia kwenye zile za Inox, yaani zisizoshika kutu, nzuri pia. D2 watu wanaisifia sana mtandaoni, inakaa na makali muda mrefu kweli, ila kutu inashika na kwetu huku ni ya kupangusa kila jioni. Yale maua maua ya Dameski, chuma cha tabaka tabaka, kwenye kisu cha elfu ishirini ni dawa imechorwa juu, ikifutika utaona bati.

Na Opinel kwa watu wa pwani ina kituko chake, mpini ni mbao, ikinywa maji masika mbao inavimba na kisu kinakataa kukunjuka mpaka ukigonge kitako chake mezani. Sio ubovu, ndivyo ilivyo. Mpini wa plastiki ngumu ndo salama yako.

Haya, njiani. Nikwambie ukweli ambao muuzaji hatakwambia kwa sababu anataka hela. Mwaka 1983 askari polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio alilofanya, akaona mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu hivi, ndani ya sekunde moja na nusu, na huo ndo muda anaohitaji askari aliyefundishwa kuchomoa bastola kiunoni na kupiga! Wewe una kisu kimekunjwa, kipo mfukoni, mkono mmoja umeshika mfuko wa mkate, giza, moyo unadunda, uingize mkono, uchomoe klipu, ukunjue, loki ikae. Kibaka hatokei mita sita, anatokea mgongoni, wapo wawili, na mwingine ana panga. Ukifanikiwa kukitoa umemgeuza mtu aliyekuja kuchukua simu kuwa mtu anayegombania roho yake.

Alafu kuna hili ambalo vijana hamliwazi. Mtu akipiga kelele ya mwizi usiku unajua kinachofuata, watu wanatoka na fimbo na mawe, na wale wananchi wenye hasira kali hawaulizi nani kaanza, wanaangalia nani kashika kisu. Aliyeshika kisu ni wewe. Mwizi mwenyewe atakuwa anapiga kelele na wao.

Ukinusurika hapo bado kituo cha polisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwenzio na mali yako, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika, na hicho kiasi unakuja kukielezea mbele ya watu ambao hawakuwepo kwenye giza lako. Simu ya laki mbili na mtu aliyechomwa tumboni, jaribu kuielezea hiyo. Na kutembea na silaha hadharani bila sababu ya halali kwa namna ya kutisha watu nako ni kosa. Kisu cha inchi tatu na vumbi la makatoni juu yake ukiulizwa unasema natoka kazini, mimi ni mpakizi. Kile cheusi cha kijeshi unasema nini? Hata siku ya mechi pale Mkwakwani ukikisahau mfukoni ukakaguliwa getini, hicho kidogo chenyewe hutakiwi kuingia nacho, sembuse hilo panga lako.

Kwahiyo hela igawe. Kisu cha kazi chukua cha kama elfu arobaini hamsini, inayobaki nunua tochi nzuri ya kuchaji yenye mwanga mkali, hiyo ndo silaha ya kipande chako, unamuona mtu kabla hajakufikia na unageuza njia. Tafuta boda mmoja unayemjua jina akusubiri hapo kituoni siku za malipo. Simu kubwa usiitoe njiani. Wakikuwahi, toa simu, kimbilia kwenye taa piga kelele, alafu nenda polisi au piga 112, na kama umeumia nenda hospitali, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uichukue pia. Na mwambie mwenyekiti wako wa mtaa hicho kipande kina giza, msiwe mnalalamika vijiweni tu.

SWALI: Shikamoo kaka. Mume wangu mvuvi, ana kisu chake cha kukunja sasa kimekaza, kukikunjua mpaka meno. Nikitie mafuta ya kula?
Mama wa Pangani

JIBU: Marahaba dada, meno hapana! Hapo chumvi na magamba yameganda kwenye pini. Kichovye kwenye maji ya moto yasiyo ya chumvi na sabuni, kama mpini ni mbao usilowekee, pitishia tu, sugua ndani kwa mswaki wa zamani, kunjua kunja kunjua kunja mpaka maji yatoke meupe. Kausha juani kimefunguliwa. Mafuta ya alizeti usitie, yatafanya gundi baada ya muda na kitakaza zaidi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini linatosha, na kama anakatia kachumbari hukohuko baharini basi nunua mafuta ya parafini ya kunywa (liquid paraffin, sio mafuta ya taa) kwenye duka la dawa, hayana shida na chakula. Akirudi baharini akisuuze na maji ya bomba kila siku, ni dakika moja.

SWALI: Anko nimempa fundi kisu changu akakinoa kwa mashine ya umeme, kimetoka kikali balaa, siku mbili tu kikafa. Kanibadilishia?
Dogo wa Ngamiani

JIBU: Hajakubadilishia dogo, amekiunguza. Angalia karibu na makali kama kuna mstari wa bluu au zambarau, hiyo ni rangi ya joto, chuma cha kawaida kikifika kama nyuzi 300 kinakuwa bluu na ugumu unapungua. Wale wanaonoa kwa jiwe la baiskeli, wa kupiga pedeli, ni salama zaidi kama jiwe linazunguka polepole na wanamwagia maji. Chako sugua kwenye kinoo cha maji kwa mkono, bapa likiwa limelala karibu nyuzi 20, mpaka hiyo sehemu ya bluu iishe yote, ukikuta chini yake chuma kinang'aa kawaida umekipata tena, ila kitakuwa chembamba kidogo.