Nimefundisha karate Lamu miaka 30, na nimekula kwa patasi

Mwezi huu vijana wawili wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka niwaonyeshe njia ya kuwa mwalimu wa karate. Wote niliwauliza swali moja: kazi yako ni ipi? Mmoja akacheka, akidhani namfanyia mzaha.

Mimi ni mchonga milango. Milango ndiyo iliyonisomeshea watoto. Karate haijalipa hata ada ya muhula mmoja. Wala silalamiki. Mwalimu anayengoja ada ya mwanafunzi ndipo anunue unga, iko siku atauza mkanda. Mtihani una malipo yake, na mtoto akifeli mzazi hununa, mwezi ujao humwoni. Basi unampitisha tu. Mimi mwenyewe nilipitishwa hivyo nikiwa na miaka 17. Mkanda wa kahawia nikapewa, na kata yangu, ule mfululizo wa hatua na ngumi unaopimwa kwenye mtihani, ilikuwa ya kubahatisha. Nikiufunga nilikuwa naona haya, hasa wenzangu wakinipongeza.

Gichin Funakoshi, yule mtu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule miaka mingi kabla ya safari hiyo. Huko Tokyo aliishi katika bweni la wanafunzi, akifagia vyumba na kulinda lango, huku akifundisha. Mikanda myeusi ya kwanza aliitoa mwaka 1924, na desturi hiyo aliichukua kwenye judo ya Jigoro Kano. Nikichoka huwa namkumbuka na ufagio wake.

Lakini ukishika kazi nyingine, ulinde mwili unaoifanya. Hapa nilikosea vibaya. Nilitaka makiwara, nguzo ya kuzoezea ngumi, nikachimbia boriti ya mkoko nyuma ya nyumba kule Langoni, nikaizungushia kamba ya makumbi, nikawa naipiga ngumi 100 kila alfajiri. Makiwara ya haki ni ubao uliochongwa ukawa mwembamba kuelekea juu, ukiupiga unanepa. Boriti ya mkoko hainepi. Wewe ndiye unayenepa. Haikupita miezi minane, kiganja cha kulia kikakataa kushika patasi. Nikatetemeka katikati ya kuchonga nakshi ya ua, nikaharibu ubao mzima wa mbambakofi wa mteja. Nilimlipa, na nyumbani tukala mchuzi mtupu kwa wiki kadhaa. Siku hizi napiga ngumi chache, kwenye ubao unaonepa, na wanafunzi wangu walio chini ya miaka 16 sitaki hata wauguse.

Vifaa visikutishe. Maji yakipwa, ufuo wa Shela ni ukumbi tosha. Mchanga utakuonyesha mguu gani unadanganya. Kiba-dachi maana yake ni kukaa kama mpanda farasi. Farasi hapa yuko wapi? Nawaambia watoto, panda punda, na punda hataki kusogea. Wanaelewa mara moja.

Tena nenda ukatazame kirumbizi, ngoma ya fimbo, wakati wa Maulidi. Zumari likilia na wazee wawili wakaanza kuzungukana, acha kutazama fimbo, tazama miguu. Ule umbali baina yao, unaopanuka na kufinyika bila mtu kuuhesabu, Wajapani wanauita maai. Nimelipia nauli ya Mombasa mara nyingi kwenda kujifunza jambo hilo, na lilikuwa linachezwa mlangoni kwangu.

Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni. "Mwalimu, binamu wa mwanangu kule Mombasa ana mkanda wa rangi ya chungwa, wangu bado mweupe. Ana kasoro gani?"

Nikamwambia, "Hana kasoro, mama. Kata ya Heian Shodan ina hatua 21, naye ameshika 14."

"Na hizo saba?"

"Hizo saba atakuja kuzichukua Jumamosi, maji yakipwa."

Akaniangalia kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea kabati.