Filamu Zisizotajwa na Mtu, na Namna ya Kuziingilia

Rafiki anaponiomba nimpendekezee filamu ambayo hajawahi kuisikia, simuulizi kama anapenda mapigano au mapenzi. Humuuliza anafanya kazi gani, na ni shughuli ipi iliyomchosha zaidi mwezi huo. Wengine hudhani ninakwepa swali, lakini kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo njia pekee inayomfanya mtu aitazame filamu yenyewe badala ya kuihifadhi na kuisahau. Ukimwambia mtu kwamba kuna filamu ya Senegali ya mwaka 1968 ambayo ni muhimu katika historia ya sinema ya Afrika, atakushukuru kwa adabu na mambo yataishia hapo. Ukimwambia kwamba kuna mzee aliyetumiwa pesa na mpwa wake kutoka ng'ambo akashindwa kuzitoa kwa sababu hana kitambulisho, atataka kujua jioni hiyo hiyo ataipata wapi. Filamu ni moja. Kilichobadilika ni mlango uliomwonyesha.

Filamu nyingi za aina hii hazikufichika kwa ubovu wake. Kumbi za Nairobi, tangu enzi za Odeon ya barabara ya Latema na Shan ya Ngara, ziliishi kwa filamu za Marekani na za Kihindi, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa na wasambazaji wa kuzileta. Baadaye maduka ya mitaani ya kujaziwa filamu kwenye flashi yalifuata mkondo huo huo, yakaongeza za Nigeria na tamthilia za Korea. Filamu za Afrika Magharibi zilizosemwa kwa Kiwolof, Kibambara au Kifaransa zilikwenda Ouagadougou, Burkina Faso, kwenye tamasha la filamu la FESPACO, lililoanza mwaka 1969, kisha zikaenda Ulaya, na ni chache mno zilizopata njia ya kufika kwetu. Hata hivyo, kutojulikana peke yake si sifa. Zipo filamu zilizosahauliwa kwa haki kabisa, na mpendekezaji anayesifu kitu kwa sababu tu hakuna mwingine aliyekiona anajisifu mwenyewe.

Anayeanza namshauri aanze na fupi. Borom Sarret, iliyoongozwa na Ousmane Sembène mwaka 1963, ina urefu wa takriban dakika ishirini, na inamfuata mwendesha gari la farasi jijini Dakar katika siku moja ya kazi. Anabeba watu wasiolipa, anabeba mizigo, anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga kumpeleka makaburini, na mwishowe anakubali kumpeleka abiria aliyevaa vizuri hadi mtaa wa wakubwa, ambako magari ya aina yake hayaruhusiwi. Niliwahi kuitazama pamoja na jirani yangu anayeendesha boda boda, na tangu gari lile lilipoanza kupanda kuelekea mtaa ule alikuwa akimwambia mtu wa kwenye skrini arudi nyuma. Hakuhitaji kuelezwa chochote kuhusu ukoloni mamboleo. Yeye na wenzake wamewahi kupigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, na anajua vizuri tofauti ya abiria anayekuhakikishia kwamba hakuna shida na abiria atakayekuwepo shida itakapofika. Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille na mwandishi wa riwaya kabla ya kwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu, na nadhani ndiyo maana kazi yake haimtazami mfanyakazi kwa huruma ya mbali.

Kutoka hapo, hatua inayofuata ni Mandabi, ile filamu ya mwaka 1968 niliyoitaja mwanzoni, ambayo pia ni ya Sembène. Mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris. Sehemu kubwa ya fedha hizo si yake, kwa kuwa mpwa ameagiza nyingi ziwekwe akiba na nyingine apewe mama yake. Lakini habari inaenea mtaani kabla ya mzee mwenyewe kufika posta, na majirani wanaanza kuja kukopa pesa ambazo bado hazijaonekana. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ambayo mzee haijui. Na kila dirisha lina karani anayeelekeza dirisha jingine. Nimeipendekeza filamu hii kwa watu wengi kuliko nyingine yoyote, na hakuna aliyerudi akilalamika kwamba ni ya kigeni. Yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo, kisha akashangaa jinsi ukoo mzima ulivyopata habari, atacheka kwa uchungu. Mwisho wake sitausema, ila nitamtahadharisha mtazamaji amwangalie kwa makini kila anayejitolea kumsaidia mzee.

Baada ya Mandabi, mtu mwenye subira aitafute Ikiru ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Mashabiki wa sinema watasema kwamba filamu hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo, na kwa Japani au Ufaransa wana haki. Lakini hapa kwetu sijakutana na duka la filamu linaloijua. Sababu ya kuziweka pamoja ni kwamba Ikiru inaonyesha dirisha lile lile kutoka upande wa ndani. Kanji Watanabe ni afisa wa halmashauri ya jiji ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kugonga mihuri, na kina mama wa mtaa mmoja wanapokuja kuomba maji machafu yaondolewe na mahali pale pajengwe uwanja wa watoto, wanazungushwa kutoka idara moja hadi nyingine mpaka wanarudi pale walipoanzia. Kisha Watanabe anagundua kwamba ana saratani ya tumbo. Ina zaidi ya saa mbili, haina rangi, na sehemu yake ya mwisho inafanyika karibu yote matangani, ambako wafanyakazi wenzake wanakunywa na kubishana kuhusu nani anastahili sifa. Kwangu sehemu hiyo ndiyo bora zaidi, maana nimeketi katika matanga ambako hotuba zilikuwa za namna hiyo hiyo. Ningemshauri kila mtumishi wa kaunti aitazame, ingawa najua mwaliko huo ungepokelewa vibaya.

Kwa wachuuzi, na kwa kila aliyewahi kuwaona wakikusanya bidhaa zao kwa haraka kanjo, yaani askari wa jiji, wanapotokea, ipo Bab el-Hadid ya Mmisri Youssef Chahine, ya mwaka 1958. Karibu yote inafanyika katika kituo cha reli cha Cairo. Hanuma anauza vinywaji kwa abiria bila ruhusa na anafukuzwa kila mara. Abu Siri anataka kuwaunganisha wapagazi katika chama. Na Qinawi, muuza magazeti mwenye ulemavu wa mguu, ambaye Chahine amemwigiza mwenyewe, anampenda Hanuma kwa namna inayogeuka kuwa hatari. Inaanza kwa uchangamfu wa kituo cha mabasi siku ya Ijumaa jioni, halafu inageuka kuwa ya kutisha, kwa hiyo si ya kutazamwa na watoto. Kwa watoto ninayo nyingine: La Petite Vendeuse de Soleil ya Djibril Diop Mambéty, yenye dakika 45, kuhusu Sili, msichana anayetembea kwa magongo na anayeamua kuuza magazeti barabarani kwa sababu wavulana wanayauza. Mambéty alifariki mwaka 1998, kabla filamu hiyo haijaanza kuonyeshwa. Haina hata chembe ya kumsikitikia Sili, jambo ambalo ni nadra katika filamu zinazohusu ulemavu.

Sambizanga, iliyoongozwa na Sarah Maldoror mwaka 1972, ninaipendekeza kwa tahadhari. Domingos, dereva wa trekta nchini Angola wakati wa utawala wa Wareno, anakamatwa na polisi wa siri, na mkewe Maria anambeba mtoto mgongoni na kwenda Luanda kumtafuta. Angola ilikuwa bado haijapata uhuru, kwa hiyo picha zilipigwa Kongo-Brazzaville. Nguvu ya filamu hii imo katika mwendo wa Maria kutoka ofisi moja ya polisi hadi nyingine, akiambiwa kila mahali kwamba mumewe hayupo hapo. Mtu aliyewahi kuzunguka vituo vya polisi vya Nairobi akimtafuta ndugu ambaye jina lake halionekani katika kitabu chochote huenda asiweze kuimaliza, na simlazimishi. Asiyepitia hayo anapaswa kuitazama.

Tukirudi nyumbani, inashangaza jinsi filamu za Kenya zenyewe zilivyo miongoni mwa zisizotajwa. Ninapozungumza na vijana, wengi wanaijua Nairobi Half Life na wanakomea hapo. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ina dakika 21 tu, na inaonyesha jamii inayoishi ndani ya makazi yaliyofungwa baada ya vita vya maji, ambako hata jasho husafishwa ili linywewe tena. Anayeishi katika mtaa wenye mgao wa maji hataiona kuwa ya kubuni sana. Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2016, inamhusu Kaleche, anayejikuta nyikani bila kumbukumbu yoyote, kisha anaambiwa na wenyeji wa kambi moja kwamba amekufa. Shimoni ya Angela Wamai, iliyopata nishani ya shaba katika FESPACO ya mwaka 2023, inamfuata mwalimu anayetoka gerezani na kurudishwa kwenye kijiji chenye jambo ambalo hajawahi kulisema. Ni nzito, na mtu aliyechoka aiache hadi siku nyingine. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, ni filamu ya hali halisi kutoka Kilifi, kuhusu bibi anayeshutumiwa uchawi na jamaa zake na mjukuu anayesafiri kutoka Mombasa kuuliza ni kwa nini. Jibu linahusu ardhi zaidi kuliko uchawi. Kwa wapenzi wa riwaya ya Kiswahili, Amil Shivji wa Tanzania aliigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu mwaka 2021, na kuisikia Zanzibar ya miaka ya 1950 ikisema Kiswahili chake kwenye skrini kubwa ni raha ambayo msomaji wa kitabu hapaswi kujinyima.

Zipo pia ambazo ninazipenda lakini simpendekezei anayeanza. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata tuzo ya majaji mjini Cannes mwaka 1987, inahusu kijana anayekimbia uchawi wa baba yake, na inakwenda kwa mwendo wake wenyewe bila kueleza. Touki Bouki ya Mambéty, ya mwaka 1973, kuhusu wapenzi wawili wa Dakar wanaotaka kwenda Paris kwa njia yoyote, inaanza kwa ng'ombe wakichinjwa machinjioni bila kuficha lolote, na masimulizi yake yanaruka huku na huko. Aliyeanza na hizo mara nyingi huamua kwamba filamu za namna hii si zake, ilhali angeanza na Mandabi angefika huko mwenyewe.

Kuhusu namna ya kutazama, kikwazo ninachokisikia zaidi ni maandishi ya tafsiri chini ya picha, ambayo kwa kawaida huwa ya Kiingereza. Hoja hiyo ningeikubali kwa urahisi zaidi kama isingetoka kwa watu walioketi miaka mingi katika vibanda vya video wakitazama filamu za Kichina na za Kihindi zikisimuliwa na DJ Afro. Kwetu, nyanya anapokuwepo, mmoja wetu husimulia kwa sauti, na anaruhusiwa kuongeza chumvi kidogo. Filamu fupi kama Borom Sarret inavumilia jambo hilo vizuri. The Letter haivumilii sana, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo katika sauti za watu wenyewe. Simu ni bora ziwekwe mbali, hasa kwa Ikiru, ambayo ukipoteza dakika kumi za matanga umepoteza hoja yake.

Mahali pa kuzipata, ningeanza na Alliance Française na Goethe-Institut, zote za katikati ya jiji, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikionyesha filamu zisizofika kwenye kumbi za maduka makubwa, na Unseen, ukumbi mdogo wa Kilimani. Filamu za Kenya ninashauri zilipiwe inapowezekana, kwa kuwa mwongozaji asiyepata chochote kutokana na kazi ya kwanza hatengenezi ya pili. Baadhi ya za zamani zimefanyiwa ukarabati: Touki Bouki ilisafishwa mwaka 2008 na mradi ulioanzishwa na Martin Scorsese, na Sambizanga nayo ikafuata baadaye, kwa hiyo ukikuta nakala yenye picha iliyofifia na sauti inayokwaruza, iache uitafute iliyokarabatiwa. Unapotafuta kwenye intaneti, andika jina la filamu kwa tahajia yake ya asili pamoja na jina la mwongozaji na mwaka. Ukiandika Pumzi peke yake utaletewa mafunzo ya kupumua, na ukiandika Kati Kati utaletewa nyimbo.