Kishikwambi chako na mtoto mwenye disleksia

Walimu wengi tulipata vishikwambi baada ya Sensa ya 2022. Hapa Kigoma ninaona vingi vikitumika kuandaa maazimio ya kazi na kutuma taarifa. Ninakuomba utenge robo saa ya kishikwambi hicho kwa mtoto mmoja: yule wa darasa la tatu anayesimulia vizuri kuliko wenzake, lakini akipewa kitabu anakwama mstari wa kwanza.

Huenda ana disleksia. Si mvivu, na akili yake ni nzima. Ubongo wake unapata taabu kuoanisha sauti na herufi, na mara nyingi hali hiyo imo kwenye ukoo. Ukiuliza nyumbani, usishangae kusikia kwamba baba yake mdogo naye "kusoma kulimshinda".

Kwanza jiridhishe. Mtoto apimwe macho na masikio. Halafu kumbuka kwamba wengi wa watoto wetu wanaongea Kiha nyumbani, kwa hiyo kukwama kwingine ni ugeni wa Kiswahili tu. Mimi humwambia mtoto anisimulie jambo kwa Kiha, kisha nambembeleza kwa michezo ya sauti: sema "samaki" bila "sa", taja neno linaloanza kama "dagaa". Mtoto anayeongea vizuri lugha zote mbili, kisha michezo hii midogo ikamtoa jasho, huyo ndiye wa kumfuatilia kwa karibu.

Wimbo wa ba be bi bo bu usikudanganye. Nimewahi kumsikiliza mtoto akisoma ukurasa mzima bila kukosea, huku kidole chake kikiwa mistari miwili nyuma ya mdomo. Alikuwa ameushika wote kichwani. Nilipoandika "bu" peke yake kwenye karatasi, alinitazama tu.

Sasa tuje kwenye programu. Kitkit School na onecourse zilishinda kwa pamoja tuzo ya Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, mwaka 2019, baada ya kujaribiwa kwa Kiswahili na watoto wa vijiji vya Tanga. Zilitengenezwa zifanye kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa shule zetu za pembezoni. Hazikukusudiwa disleksia, hilo lisemwe wazi. Ila zina kitu ambacho mtoto huyu anakihitaji mno: herufi na sauti yake vinakuja pamoja, anarudia mara atakazo, na hakuna wa kumcheka. Mpe spika za masikioni na mkae naye kando. Kishikwambi kimoja kikizungukwa na watoto kumi, wepesi watajibu na yeye atabaki kutazama.

Usimwache aruke hatua, na usimbebeshe sauti nyingi kwa siku moja. Wiki hii "mb" na "ny", basi. Wakati wa mapumziko aziandike kwa kidole mchangani huku akizitamka. Mwanzoni zitenge kabisa b na d. Akiishika moja barabara ndipo umletee ya pili.

Programu hizi zinaanzia kwenye maneno mafupi. Kitabu cha darasa la tatu kina "hawakutuambia". Hapo ndipo mtoto anapozama, na hapo ndipo mwalimu anahitajika kuliko programu yoyote. Mimi huliandika neno kwenye kishikwambi kwa herufi kubwa zilizoachana, ha-wa-ku-tu-a-mbi-a, kisha namfundisha kwamba "ha" hapo inakanusha na "wa" ni wao. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa vipande vilevile vinarudi kila siku. Akivizoea, neno refu halimtishi tena.

Chombo ninachokitumia kuliko vyote ni kinasa sauti kilichomo kwenye kishikwambi chenyewe. Ninasoma aya ya kesho polepole, ninairekodi, na mtoto anasikiliza huku akifuata maneno kwa kidole. Kesho yake nikimwita asome mbele ya wenzake, anasimama akijua kinachokuja. Sipendi kabisa tabia ya kumshtukiza mtoto huyu asome kwa sauti. Siku moja ya kuchekwa inaweza kumfanya atoroke shule wiki nzima. Na katika majaribio ya sayansi au jiografia, muulize kwa mdomo. Utagundua anayajua mengi ambayo kalamu yake haiwezi kuyasema.

Rekodi hiyo ifike nyumbani pia. Kwa mzazi mwenye simu ya WhatsApp, itume jioni. Asiye nayo, ninaiweka kwenye memori kadi, kwa sababu zile redio ndogo za kuchaji zipo kwenye nyumba nyingi na zinaicheza vizuri. Mwambie mama au kaka yake jambo moja tu: mtoto akisikiliza, kitabu kiwe wazi mbele yake.